Ufa wa Wafula: Siku Nne Kutoka Kitale Hadi Bungoma

Wenzangu wa benchi la mbele ya duka la mbolea, nimechoka kulisimulia jambo hili vipande vipande, huku mmoja wenu akiinuka kununua sigara pale pale linaponoga. Sasa nimeliandika lote. Atakayeniuliza tena baada ya hapa atanilipia chai na mandazi mawili.

Mnajua kwamba kutoka Kitale hadi Bungoma ni mwendo wa saa mbili, au tatu kama dereva ana jamaa wengi njiani. Mimi nilitumia siku nne. Gari halikuharibika, barabara haikufungwa, na hakuna aliyeugua. Nilisafiri na mwanasayansi, basi.

Kitale hadi Kiminini: tunaanza kwa kula udongo

Kwanza niwaeleze nilikuwa nafuata nini. Dada yangu Wambui ameolewa na Wafula, mkulima wa kule juu ya Kimilili, mlimani kabisa. Miezi mitatu kabla ya safari hii, ardhi ilipasuka juu ya nyumba yao. Ufa ulikata mteremko kutoka upande hadi upande, na pahali pengine ungeweza kuingiza mguu mpaka gotini. Chini ya ufa ndiyo nyumba, na ndani ya nyumba kuna dada yangu, mumewe na watoto wanne.

Nikamkumbuka Naliaka, mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni Daktari wa miamba na udongo. Mimi nilifundisha jiografia miaka thelathini. Nimeichora dunia ubaoni, na matabaka yake yote, mara nyingi kuliko nilivyochora sahihi yangu, lakini sikumbuki kuinama hata siku moja nikashika jiwe. Naliaka nilimkumbuka kwa sababu ya kosa. Niliuliza katika mtihani jinsi Mlima Elgon ulivyotokea. Akajibu vizuri yote niliyomfundisha, halafu akaongeza: "Lakini mengine bado hayajulikani." Nilimnyang'anya alama mbili na kumwandikia kwa wino mwekundu kwamba katika mtihani kila kitu kinajulikana.

Hakuniwekea kinyongo, au kama aliniwekea hakusema. Alikwenda kwa Wafula, akapigilia vigingi jozi sita, kimoja juu ya ufa na mwenzake chini ya ufa, akapima nafasi ya kila jozi na kuandika. Kisha akamwambia Wafula: "Mzee, vichunge vigingi hivi sana. Mtu asivisogeze." Sasa miezi mitatu ilikuwa imepita, na tulikuwa tunakwenda kupima upya. Vigingi vikiwa vimeachana, ardhi inatembea, na familia ihame kabla ya masika. Visipoachana, wanaweza kukaa.

Tuliondoka Kitale saa mbili asubuhi katika pikapu yake. Kufika mbele ya Kiminini, pale barabara ilipokata kilima na kuacha ukuta wa udongo mwekundu, akasimama. Nilidhani ana haja. Alishuka na kisu, akakwangua ukuta, akatia udongo mdomoni na kuanza kuutafuna, macho ameyafumba.

Huku kwetu hakuna kazi inayofanywa pembeni ya barabara bila kamati. Dakika tano hazikupita, watu kumi walikuwa wamesimama. Vijana wawili walinong'onezana kwamba ni dhahabu. Mzee mmoja mwenye ploti ng'ambo ya pili aliuliza, kwa sauti ya kutojali, kama serikali hulipa vizuri. Lakini mama mmoja mwenye ndoo ya maziwa aliwanyamazisha wote.

"Wacheni mama wa watu ale. Hiyo ni tumbo inataka. Hata mimi mimba ya tatu nilimaliza ukuta ya jikoni." Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe mzee, si uchimbe! Unaangalia tu mtu na hali yake anainama?"

Nilichimba. Daktari, badala ya kuniokoa, alisema ahsante na kunionyesha mahali pa kuchimba tena, chini zaidi. Tuliporudi garini akanieleza. Udongo wenye changarawe au mchanga utausikia ukisaga kwenye meno. Mfinyanzi safi hausagi kitu, unapita kama siagi. Na huo unaopita kama siagi ndio unaokunywa maji ukavimba, ukalowa, ukawa utelezi.

"Na hakuna mashine?" nikauliza.

"Iko, Mwalimu. Lakini meno ninayo hapa."

Tulisimama hivyo mara saba.

Kimilili na kupanda juu: sifuri

Tulifika kwa Wafula jua likishuka, na kulikuwa kumepikwa. Asubuhi tukapanda hadi kwenye ufa, ila ufa wenyewe haukuwepo. Wafula, ambaye ni mtu nadhifu kupita kiasi, alikuwa ameufukia kwa udongo na samadi, akapanda maharagwe juu yake kwa mstari ulionyooka.

"Watoto wangevunja mguu," akaeleza. "Na samadi iko mingi."

Daktari aliyatazama maharagwe kwa muda mrefu. Akatoa utepe wake na kupima jozi ya kwanza. Ilikuwa vilevile kama miezi mitatu iliyopita. Ya pili vilevile. Alipomaliza ya sita, hakuna kigingi hata kimoja kilichokuwa kimesogea.

Nilimkumbatia shemeji yangu. Wambui alipiga kigelegele akakimbia kumshika kuku. Yule jogoo, ambaye kama ardhi ingekuwa imesogea angeishi mpaka Krismasi, alikuwa kwenye sufuria kabla ya saa sita, na ugali wa wimbi pembeni, na murere, ile mboga telezi ambayo mgeni huila akiiinamia ili asijichafue tai. Kukawa na shida kidogo ya firigisi, maana firigisi ni ya mgeni mkubwa, na mgeni mkubwa alikuwa mwanamke. Wafula aliishika kwa kijiko, akamtazama Daktari, akanitazama mimi, akatazama mbinguni, kisha akaniwekea mimi. Daktari hata hakuona. Alikuwa anautazama mlango wa jikoni.

"Mama, huu mlango haufungi?" akauliza.

"Haufungi!" Wambui akasema, na hapo tukajua tumegusa kidonda. "Ati fundi! Yule fundi wa Kimilili ni mwizi kabisa. Alinitengenezea na mbao mbichi, sasa imejipinda inakwama. Mwezi wa kwanza nilisukuma na bega, saa hii Wafula analeta shoka. Nimemtukana huyo fundi mpaka nikachoka."

Daktari akatoa daftari na kuandika. Nilichungulia. Alikuwa ameandika: *Vichwa vya vigingi vimepondeka. Kwa nini?* Na chini yake: *Mlango.*

"Kwani huna furaha?" nikamwuliza. "Umepata sifuri."

"Sifuri safi sana, Mwalimu. Hata nikipima meza hii mara sita sipati majibu sita yanayofanana hivi. Labda nimekosea mimi."

Akapima yote upya mchana kutwa. Mimi nilikaa kivulini nimeshiba, nikamwona kama mtu aliyeletewa habari njema akazifungua kutafuta mfupa. Alipochoka aliketi na kuniambia lile nililokuwa nikilifundisha bila kulijua: kwamba mlima huu zamani sana ulikuwa ukitema moto, majivu yake yakaoza polepole yakawa udongo mzito unaoshiba maji, kwamba chini ya udongo huo kuna mwamba mgumu ambao maji hayapenyi, na maji yakifika hapo hukaa katikati, na kila kilicho juu kinabaki kimekalia utelezi. Nilikuwa nimelichora hilo ubaoni kwa chaki ya rangi tatu, na haikuwahi kunijia kwamba juu ya ile chaki kuna watu wamelala.

Chwele: maabara ya mama wa odowa

Siku ya tatu tuliteremka kwenda Bungoma, kupeleka taarifa katika ofisi moja inayohusika na mambo ya kuhamisha watu. Wafula alikuja nasi. Alikuwa na shauri lake mjini. Alivaa koti, na ndani ya koti alificha kitabu cha shule cha mistari ambacho hakukitoa hata tulipomwuliza.

Chwele ilikuwa siku ya soko, na ng'ombe walikuwa wameshika barabara yote kana kwamba wao ndio waliolipa kodi. Daktari aliegesha, akashuka na mifuko yake ya udongo, kila mmoja na kikaratasi cha nambari. Mchuuzi wa viazi akamwuliza kopo moja la gorogoro ni bei gani. Alipoambiwa hauuzwi, unapelekwa Bungoma tu, alinigeukia mimi kwa huruma: "Kwani Bungoma wameishiwa na mchanga?"

Kando yake aliketi mama mmoja anayeuza odowa, yale mawe laini ya udongo wanayotafuna akina mama wajawazito. Daktari akamwomba aonje udongo wa nambari tatu, uliotoka juu ya nyumba ya Wafula. Yule mama alitafuna kidogo, akautema mbali.

"Hii siwezi kuuza. Haina chumvi, na ikishika maji inakuwa kama sabuni. Mmetoa wapi?"

"Mlimani, juu ya nyumba ya mtu."

"Huyo mtu mwambieni mimi siwezi lala hapo."

Wafula alikasirika kweli, kwa kusikia udongo wa baba yake ukitukanwa sokoni. Daktari aliandika maneno yote ya yule mama, akaniambia maabara itachukua wiki tatu kusema jambo lilelile, ila italisema kwa nambari, na ofisini nambari ndizo zinazokaa kitini.

Nilidhani sasa tutaondoka. Lakini mifuko ilikuwa imeingia unyevu, akataka kuanika. Akautandaza udongo wote nyuma ya nyumba ya wageni, rundo kwa rundo, na tukaingia kunywa chai. Tuliporudi, kuku wa mwenye nyumba walikuwa wamepekua rundo la nne na la tano mpaka ukawa mmoja. Daktari akaumwaga wote.

"Si ungekisia tu?" nikamwambia. "Huu unafanana na wa nne."

"Nikikisia, Mwalimu, nitakuwa nimewaandikia kazi ya kuku."

Tukalala Chwele kusubiri marundo yaliyobaki yakauke. Nilikuwa nimeanza kuichukia sayansi. Wafula alikohoa kitandani pake akasema kwamba hata yeye, angekuwa anapanda kahawa namna hiyo, watoto wangekufa njaa.

Bungoma: kitabu cha Wafula

Siku ya nne, kabla ya saa tano, tulikuwa Bungoma. Daktari akaingia ofisini na sifuri yake. Mimi na Wafula tukaenda kwenye hoteli ya karibu na stesheni, tukaagiza chapati na maharagwe, yale tunayoita madondo, na hapo ndipo alipotoa kitabu chake kotini.

"Shemeji, wewe ni mwarimu. Nataka uniandikie barua ya kushtaki Barasa. Na Kiswahili ile ya kutisha."

Barasa ni jirani yake. Shamba lake limepakana na la Wafula upande wa jua kuzama, na nyumba yake iko kwenye bega la mwamba ng'ambo ya kijito. Wamegombania mpaka tangu siku za baba zao. Nikafungua kitabu nipate ushahidi.

*Jumapili ya kwanza. Barasa amesongeza kigingi kidole moja. Nimerudisha.*

*Jumapili ya pili. Kidole moja. Nimerudisha.*

Niliendelea kusoma, madondo yakipoa. Vidole viwili. Viwili. Vitatu. Jumapili ya mwisho: *Vidole nne, kwa vigingi yote sita. Huyu mtu hana Mungu. Nimerudisha yote.*

"Wafula," nikasema, "umerudisha namna gani?"

"Na fito. Siku ile Daktari aliweka, mimi nilikata fito sita, kila moja sawasawa na nafasi yake. Kila Jumapili nikitoka kanisa napima. Kama kigingi ya chini imeenda mbali, nang'oa, narudisha, nagonga na nyundo. Si aliniambia nichunge visisonge? Mimi si mtu wa kulala kazini, bana."

"Na Barasa umemwona akivisogeza?"

"Huyo ni mjanja. Sijawahi mwona hata siku moja."

Nataka niseme waziwazi, maana nyinyi mnanijua kama mtu asiyetetereka: niliogopa mpaka masikio yakaziba. Wakati huo dada yangu alikuwa anapika chakula cha mchana chini ya mlima unaotembea, na sisi ndio tuliomwambia akae. Nilimshika Wafula mkono, nikamkokota nje, tukapanda bodaboda moja sote wawili.

"Sasa mzee, mbio ni ya nini?" kijana wa pikipiki akaniuliza. Nilimwambia ni ya sayansi. Akaongeza mwendo kwa heshima.

Ofisini tulimkuta Daktari ameketi mbele ya bwana mmoja mnene mwenye kalamu tatu mfukoni. Bwana huyo alikuwa amekwisha kuandika sifuri, na alikuwa anapiga mstari chini yake.

"Daktari, sikuelewi," alikuwa anasema. "Umeleta sifuri wewe mwenyewe, halafu unasema hutaki sifuri yako?"

"Ninasema siiamini. Vichwa vya vigingi vimepondeka na sijui ni kwa nini."

"Ninajua mimi," nikasema mlangoni, nikaweka kitabu mezani.

Daktari alisoma ukurasa wote bila kupepesa. Kisha akamwambia Wafula, "Mzee, nionyeshe kidole," akatoa rula na kupima upana wake, mara tatu. Akazidisha, akajumlisha. Wafula alikuwa bado amenyoosha kidole, akidhani ni kiapo cha kesi.

"Ardhi imekuwa ikishuka tangu siku ile," Daktari akasema. "Na kila baada ya wiki chache inaongeza mwendo. Hata mvua haijaanza."

"Vizuri," yule bwana akasema, akachukua kalamu nyingine. "Itaanguka lini? Nipe tarehe."

"Sijui."

"Basi mwezi."

"Sijui. Huenda ni mvua ya kwanza. Huenda isianguke mwaka huu. Ninachojua ni kwamba nyumba ile si ya kulala watu."

"Daktari, mimi siwezi kuhamisha watu na *sijui*. Nikiwa na tarehe naweza kuleta hema, naweza hata kuleta mgeni wa heshima. Sasa *huenda* nitaiweka kwa faili gani?"

Niliona haya. Maneno yalikuwa ya yule bwana, lakini mwandiko ulikuwa wangu, kwa wino mwekundu.

Bungoma hadi juu: kitabu cha Barasa

Tulirudi mlimani mchana uleule, na hii ndiyo sehemu pekee ya safari ambayo Daktari hakusimama hata mara moja. Tulipofika, Barasa alikuwa amesimama kwenye mpaka. Alikuwa amesikia Wafula amekwenda mjini na koti. Na yeye alikuwa amevaa koti, na mkononi alishika kitabu.

"Mimi pia niko nayo," akasema. "Kama ni kesi, tuende. Kila Jumapili huyu mtu anang'oa vigingi ya serikari anasongeza juu. Nimeandika yote. Nimekaa kwa migomba yangu, nimemwona na macho."

Daktari aliviomba vitabu vyote viwili, akavilaza kwenye boneti ya gari, akaanza kulinganisha Jumapili kwa Jumapili. Barasa hakupima kwa vidole, bali kwa mafundo ya kamba, lakini Jumapili ambayo Wafula aliandika kidogo, Barasa naye aliona kidogo, na ambayo Wafula aliandika nyingi, Barasa naye aliona nyingi. Jumapili moja tu ya Barasa ilikuwa tupu, alikuwa matangani Chwele. Sijamwona mtu akifurahi vile kwa kitu kibaya vile.

"Mwalimu, unaona? Katika kazi yetu kipimo hakiaminiki mpaka mtu asiyekupenda apime naye apate hichohicho. Wengine wanatafuta mtu kama huyo miaka. Hapa walikuwa majirani."

Wafula alikuwa anatazama viatu vyake. "Sasa kama si Barasa," akasema polepole, "na si mimi, ni nani alikuwa anasongeza?"

Sote tulinyanyua macho, tukautazama mlima juu yetu, kijani, umetulia, na maharagwe yake kwa mstari. Ndipo nilipoona ugonjwa wetu. Huku kwetu hakuna kitu kinachoharibika bila mwenyewe: kigingi kikisogea ni jirani, mlango ukikwama ni fundi. Daktari peke yake ndiye aliyeanza kwa kujishuku mwenyewe.

Barasa alikohoa. "Mama Nafula," akamwambia dada yangu, "lete watoto. Kwangu chini ni mwamba."

Daktari alikwenda akagonga mwamba ule kwa nyundo pahali tisa kabla ya kukubali. Lakini Wafula alikataa. "Nilale kwa nyumba ya mtu nimemwandikia kitabu nzima?"

"Na mimi nimeandika yako," Barasa akasema. "Jioni tutasomeana."

Kabla ya giza kuingia, godoro la mwisho lilikuwa limevuka kijito.

Kitale: kungoja, na mlango

Mvua ilianza wiki ile. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya tano, hakuna kitu. Watu wa Kimilili wakaanza kumwuliza Wafula kama mlima umemtumia salamu. Siku ya tisa akanipigia simu.

"Shemeji, nimechoka kuwa mgeni. Maharagwe imekomaa. Niambie ukweri, itaanguka ama haianguki?"

Katika miaka thelathini ya kufundisha sikuwahi kulitamka neno lile mbele ya mtu. "Sijui, Wafula," nikasema. "Lakini nakuomba usirudi."

Akasema sawa.

Kesho yake alasiri, ile siku mliponiona nimekaa chini hapa kando ya benchi mkadhani ni malaria, ndipo Wambui alipopiga. Alisema walikuwa wanakamua ng'ombe kwa Barasa waliposikia mlio kama wa lori linalomwaga kokoto, na lori hilo halikwisha kumwaga. Mteremko wote uliondoka na maharagwe yake, na vigingi, na nyumba, na kuku wawili waliokataa kuhama. "Njoroge," akasema, "jikoni yangu iko kwa mto." Kisha akawataja watoto jina kwa jina, wote wanne, na kila jina nililiitikia. Nililia, na sioni sababu ya kuwaficha.

Wiki iliyopita nilikwenda huko na Daktari. Wafula na Barasa wanajenga nyumba moja kwa sasa, na wanagombana juu ya nani alishika vibaya timamaji, kile kipimo cha usawa wa ukuta. Wambui alikuwa na deni moja la moyo. Alituomba tumpeleke Kimilili kwa yule fundi wa mlango, amwombe msamaha kwa miezi mitatu ya matusi, maana sasa alijua kwamba ni ardhi iliyokuwa ikiupinda mlango wake, na maskini wa watu hakuwa na kosa.

Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akikuna kichwa kwa penseli. Kisha akatazama kulia na kushoto.

"Mama, pole sana na nyumba," akasema. "Lakini kwa sababu umekuja na heshima, wacha niseme tu ukweri. Ile mbao ilikuwa mbichi."

Mimi nilicheka mpaka nikashikilia benchi la randa. Daktari hakucheka. Alifungua daftari lake, akarudi nyuma kurasa nyingi, akatafuta mahali alipoandika *Mlango*, na mbele yake akaweka alama ya kuuliza.

Njiani kurudi Kitale nilimwambia kwamba zile alama zake mbili za mtihani, leo nimemrudishia. Akafikiri kidogo, akasema tusiharakishe.